Gari la zamani, injini ya ndugu yake

Mtu akifungua kifuniko cha nyuma cha Volkswagen Beetle ya 1962 na kukuta injini kubwa zaidi, ya 1600, iliyotoka kiwandani miaka kumi baadaye, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba mwenye gari anapenda mbio. Wapo wa namna hiyo. Lakini katika miaka yote ambayo nimekuwa nikishusha na kupandisha injini hizi zinazopozwa kwa hewa, nyingine zangu na nyingi za watu, wenye magari wengi niliofanya nao kazi hawakuwa na haja ya mbio hata kidogo. Walitaka gari litoke gereji. Gari la zamani lenye injini yake ya kwanza, nambari zote zikiwa zinalingana na kitabu cha kiwandani, mara nyingi ndilo hilo lililofunikwa turubai, kwa sababu kila kilomita inaonekana kama hasara.

Mzee mmoja aliyeniletea gari lake alilieleza vizuri kuliko mimi. Nilimwambia, "Mzee, injini yako bado inapumua, kwa nini tuitoe?" Akanijibu, "Ndiyo maana, fundi. Nataka ibaki inapumua. Lakini mimi nataka kwenda safari."

Ili kumwelewa mzee yule inabidi kujua injini ile imeundwa kwa nini. Bloku ya injini ya Beetle ni ya aloi ya magnesi. Ni nyepesi ajabu, mtu unaweza kuinyanyua peke yako, na wepesi huo una gharama yake. Joto likiipata kila siku kwa miaka, vitako vya beringi kuu hupanuka, hasa kile cha katikati, na krenkishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, huanza kucheza mahali ambapo haikupaswa kucheza. Dawa ni kuchonga vitako hivyo vyote kwa mstari mmoja na kuweka beringi nene zaidi. Mara ya kwanza inawezekana, ya pili inawezekana, lakini zipo saizi zinazoisha. Vivyo hivyo vijiti vinavyobana silinda na hedi: vinang'oka pamoja na nyuzi zake, unaweka bushi za chuma, bloku inaendelea. Kila unapoifungua unatoa chuma kidogo ambacho hakirudi. Na nambari ya injini imegongwa kwenye bloku hiyo hiyo, chini ya kitako cha jenereta. Ukiiua bloku, umeiua nambari, na wanunuzi wa magari ya zamani huitazama nambari hiyo kabla hawajatazama rangi.

Kwa hiyo unaweka injini nyingine ifanye kazi ya kuchakaa, na ile ya asili inapumzika.

Jambo linalofanya haya yote yawezekane ni bolti nne. Injini ya Beetle inaning'inia kwenye giaboksi kwa bolti mbili juu na mbili chini, basi. Unatoa waya wa mafuta ya mguu, mpira wa petroli, nyaya za hita, nyaya chache za umeme, unaweka jeki, unafungua bolti, unaivuta nyuma na kuishusha. Kwa mtu mzoefu kazi hiyo haimalizi hata asubuhi moja. Mpangilio huo wa bolti haukubadilishwa kimsingi mpaka Beetle ya mwisho ilipotoka kiwanda cha Puebla, Mexico, mwezi wa saba 2003, ikiwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 21. Ndiyo sababu injini za ukoo mzima huingia: ile ya Volkswagen Type 3 iliyolala bapa, ile kubwa ya Volkswagen Type 4, hata ya Porsche 356 na 912, ambazo ni binamu wa damu kabisa. Magari mengine, yenye injini za maji, yaani zinazopozwa kwa maji, hayana bahati hii. Kule kila badiliko linaanza na msumeno na mashine ya kuchomelea.

Mabadiliko ya kawaida kuliko yote ni ya kuondoa injini ya 1200 na kuweka ya 1600 yenye milango miwili ya hewa kwenye kila hedi. Ya kwanza ina cc 1192 na nguvu farasi 34. Ya pili ina cc 1584 na nguvu farasi 50. Kijana aliyezoea magari ya leo atacheka tofauti ya farasi 16. Lakini gari lenyewe halifiki kilo 800, na faida yake huisikii kwenye kasi ya juu, unaisikia mlimani. Mahali ulipokuwa ukirudi gia ya tatu, halafu ya pili, huku lori likikupigia honi mgongoni, sasa unapanda na ya tatu na bado una akiba mguuni. Barabara zimebadilika, mwendo wa wenzako umebadilika, na dereva anayekuwa kizuizi kila mlima huacha kuendesha. Nimeona magari mazuri yakiuzwa kwa sababu hiyo tu.

Kuna kazi ndogo katikati ambayo wauzaji wa injini hawaisemi. Magari ya volti 6 yalikuwa na flaiwili, lile gurudumu zito la meno linalokaa kati ya injini na klachi, ya meno 109 na klachi ya milimita 180. Yale ya volti 12 yana flaiwili ya meno 130 na klachi ya milimita 200. Flaiwili kubwa haizunguki ndani ya nyumba ya giaboksi ya zamani mpaka uisage kidogo kwa ndani, halafu starta nayo ibadilishwe. Hapo huwa nasimama na kumuuliza mwenye gari. Kusaga nyumba ya giaboksi hakuonekani kwa nje, lakini hakurudi nyuma pia. Mwingine anasema saga. Mwingine anasema tafuta giaboksi nyingine, na ile ya asili ikakae na injini yake. Huyu wa pili hupata faida ambayo hakuitegemea: gari la 1200 lilipewa uwiano wa mwisho (mizunguko ya giaboksi kwa kila mzunguko wa tairi) wa 4.375, yaani mfupi, kwa sababu injini ilikuwa dhaifu. Ukiweka injini yenye nguvu kwenye giaboksi hiyo, gari linaruka vizuri kwenye taa za barabarani, kisha kwenye barabara ndefu linalia mizunguko mingi bila sababu. Giaboksi za baadaye zina 4.125 na 3.875. Kwa maoni yangu hapo ndipo raha ya injini kubwa ilipo, kwamba inazunguka polepole kwa mwendo ule ule.

Sasa hewa. Hapa ndipo nimekuta matatizo mengi kuliko mahali pengine popote, na ndipo ninapowachosha watu kwa maneno. Mtu akibadilisha injini ya maji, anajua kwamba lazima afikirie rejeta. Akibadilisha injini ya hewa anadhani hakuna rejeta, basi hakuna cha kufikiria. Kumbe rejeta ipo. Ni yale mabati meusi yanayoonekana kama mapambo, ndiyo yanayoielekeza hewa, pamoja na feni, pamoja na oili yenyewe, kwa sababu oili kwenye injini hizi inabeba sehemu kubwa ya joto.

Katika Beetle feni inazungushwa na mkanda ule ule unaozungusha jenereta. Mkanda ukikatika, taa ya chaji inawaka, na maana yake si kwamba betri itaisha jioni. Maana yake ni simama sasa hivi. Feni inasukuma hewa kwenye boma la bati linaloigawa kwa silinda nne. Katika injini za zamani kipoza oili kilisimama ndani ya boma hilo, juu ya silinda ya tatu, hivyo silinda hiyo ilipata hewa iliyokwisha kupashwa moto, tena kidogo. Watengenezaji walilijua hilo. Kwenye distribyuta nyingi walichelewesha cheche ya silinda ya tatu kwa digrii chache ili isiungue. Kwenye magari ya mwaka wa 1971 wakakitoa kipoza kile nje ya boma, wakakipa kibanda chake na njia yake ya kutolea hewa, na feni ikawa pana zaidi.

Mtu anayenunua injini ya 1600 halafu akavalisha boma la bati la injini yake ya 1200 ili sehemu ya injini ionekane ya enzi zake, anachukua joto la injini mpya na kulipoza kwa mapafu ya ile ya zamani. Gari litatembea. Litapita hata majaribio ya siku ya kwanza. Kisha siku ya jua kali na mlima mrefu, oili inakuwa nyepesi kama maji na taa ya presha inaanza kupepesa kila unaposimama. Ninachowaambia ni kwamba ukichukua injini, chukua na nguo zake zote.

Bati za pembeni na mpira unaozunguka injini ndivyo vinavyotenganisha hewa ya juu na ya chini. Juu ni baridi, feni inavuta hapo. Chini ni moto, silinda na ekzosi vinatoa huko. Mpira ukiwa umekauka na kuanguka, au bati moja likiachwa kwa sababu halikulingana na ekzosi mpya ya kung'aa, hewa ya moto inapanda na kuvutwa tena. Nimeletewa magari yaliyokwisha kufungwa vipoza oili vya ziada, feni za umeme, na vifuniko vilivyoinuliwa kwa vyuma ili vibaki wazi, na tatizo lilikuwa mpira ambao mtu mmoja anaweza kuuvisha kwa mikono yake bila hata spana. Kuhusu vifuniko vilivyoinuliwa sitasema mengi, ila kwamba vinawapa wenye magari raha kubwa kuliko wanavyozipa injini baridi.

Na thermostati, kile kibofu cha shaba kinachohisi joto. Wengi wanaitupa, na vibao vinavyofungua na kufunga hewa ndani ya boma wanavitupa pia, kwa hoja kwamba injini inahitaji hewa nyingi wakati wote. Injini baridi inachakaa. Oili haijafika joto lake, petroli inaosha kuta za silinda, na safari fupi fupi za namna hiyo zinaimaliza injini kimya kimya kuliko mlima. Kibofu kile cha shaba kilichofungwa chini ya silinda kirudisheni mahali pake.

Baada ya 1600, anayetaka injini itakayodumu huuliza Type 4. Ilitoka 1968 na gari la VW 411, ikiwa na cc 1679. Ikaenda kwenye Porsche 914, ikaenda kwenye mabasi madogo ya Volkswagen kuanzia magari ya 1972, na ikaishia na cc 1971 kwenye basi la T3 mpaka 1983. Bloku yake ni ya alumini, si magnesi. Ina filta ya oili halisi, wakati ndugu yake mdogo ana chujio la waya tu, na inachukua lita 3.5 za oili badala ya 2.5. Mtu akiniambia anaendesha mbali na mara kwa mara, hii ndiyo ninayomtajia. Ila ni nzito zaidi, na feni yake imefungwa kwenye ncha ya krenkishafti, nyuma kabisa. Kwenye basi haina shida, ilizaliwa humo. Kwenye Beetle inagombana na bati la nyuma la bodi. Ama unakata bati, ama unanunua boma la kusimamisha feni juu kama ya Beetle. Kwangu mimi, siku mtu anapoanza kukata bodi ya gari lililokaa salama miaka sitini, tumeshatoka kwenye kubadilisha injini na tumeingia kwenye kutengeneza gari jingine. Ni haki yake, lakini ajue.

Basi lililonifundisha zaidi lilikuwa na injini ya Corvair. Chevrolet waliitengeneza Corvair kuanzia 1960 hadi 1969, injini nyuma, silinda sita zilizolala, hewa tupu, na za mwisho zilikuwa na lita 2.7. Huko Marekani zilikuwepo tele, na watu wenye mabasi mazito waliziona kama majibu ya sala zao. Nguvu mara mbili na zaidi, na sauti nzuri ya silinda sita. Shida moja: inazunguka kinyume. Ukiifunga kwenye giaboksi ya Volkswagen bila kufanya lolote, utakuwa na basi lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Nikiwaeleza watu wanadhani natania. Suluhu ni mbili. Ama unafungua giaboksi na kuihamisha kraunwili (gia kubwa ya ekseli) upande wa pili wa pinioni (gia ndogo inayoizungusha), ili matairi yazunguke sawasawa. Ama unaibadili injini yenyewe, kamshafti (shafti inayofungua vali) na vinavyoendeshwa nayo, izunguke upande mwingine. Tulichagua giaboksi, na jioni ya kwanza kila mtu alisogea mbali kabla klachi haijaachiliwa, wakiwemo waliosema wana uhakika.

Ile feni ya Corvair nayo inastahili kutajwa. Imelala juu ya injini kama sahani, na mkanda wake unapinda robo mzunguko kwenye puli mbili ili uifikie. Mafundi wasioizoea wakiuona mkanda ule wanadhani umefungwa vibaya. Kwenye basi lenye nafasi ya kutosha juu ya injini unakaa, mradi usiukaze kupita kiasi.

Fiat 500 ni habari nyingine kabisa, na ndiyo ninayoipenda. Gari lile la 1957 hadi 1975 lilianza na cc 479 na nguvu farasi 13, kisha likapata 499.5 na farasi 18. Wenye gari huweka injini ya Fiat 126, yenye cc 594 na farasi 23, au ile ya baadaye ya cc 652 yenye farasi 24. Farasi tano au sita! Lakini ukikaa nao utasikia kwamba walichokitaka kilikuwa giaboksi. Ile ya 500 haina sinkromeshi, kifaa kinachosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kila gia unaipanga kwa sikio na klachi mara mbili, na mwenzako wa nyumbani hawezi kuliazima gari bila kusaga meno. Giaboksi ya 126 ina sinkromeshi ya pili, tatu na nne. Gari la makumbusho likageuka gari ambalo mtu mwingine nyumbani anaweza kuchukua ufunguo na kwenda. Na wale wanaosema hili ni kulichafua gari, huwa nawakumbusha kwamba Fiat wenyewe walifanya hivyo: ile 500 R ya mwisho iliuzwa na injini ya cc 594, imepunguzwa nguvu hadi 18. Porsche nao waliweka injini ya Type 4 ya lita mbili kwenye 912E ya 1976. Viwanda vilipotaka kulifikisha gari mwaka wa mwisho, vilichukua injini iliyopo rafuni. Tahadhari moja tu kwa anayewinda vipuri vya 126: ile ya BIS ya 1987 ni ya maji, usije ukainunua kwa bei nafuu ukadhani umebahatika.

Citroën 2CV iko njia hiyo hiyo. Ile ya miaka ya hamsini yenye cc 425 na farasi 12 inapokea silinda mbili za cc 602, na mwenye gari anaacha kuogopa upepo wa mbele.

Wanaotaka nguvu kwelikweli, wale wa injini ya silinda sita ya Porsche 911 kwenye Beetle au basi, nimewasaidia wachache na swali langu kwao ni la breki. Beetle za zamani zina breki za ngoma pande zote na ekseli za nyuma zinazobembea. Ukiachia mguu ghafla katikati ya kona, tairi la nyuma linajikunja kwa ndani na gari linanyanyuka. Kwa farasi 34 hilo halikumsumbua mtu. Aliyenijibu kwamba breki zitafuata baadaye nilimwambia injini nayo itafuata baadaye.

Huwa naulizwa pia kwa nini wasiweke injini ya maji, ya Subaru kwa mfano, ambayo nayo imelala na ina nguvu bila jasho. Wanaweka, na hita inapasha kweli, jambo ambalo mwenye Beetle hajawahi kuliona. Lakini rejeta lazima ipate mahali, mabomba yapite chini ya gari, na bati likatwe. Halafu sauti inaondoka. Mtu ananunua gari la zamani la hewa kwa pua na masikio kama kwa macho. Ukimwondolea mvumo wa feni umemwachia umbo.

Karatasi pia zisisahaulike. Katika nchi nyingi nambari ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na cc zinaweza kuhusika na bima. Afadhali kuzibadilisha wiki ile ile kuliko kueleza kando ya barabara.

Injini iliyotolewa nayo ina mahitaji yake. Usiiweke kwenye sakafu ya saruji. Magnesi na unyevu havipatani, utaikuta chini imeliwa na kuwa unga mweupe. Iweke juu ya mbao, mimina oili kidogo kwenye kila tundu la plagi, ziba milango ya kabureta na ya ekzosi, na uizungushe kwa mkono kila unapopita karibu nayo. Mabati yake yote, kabureta, jenereta na boma, yakae nayo, hata yakiwa na kutu, kwa sababu vipande hivyo vya mwaka husika ndivyo vigumu kupatikana kuliko injini. Na flaiwili iache imefungwa. Nyuma yake kuna shimu tatu nyembamba, yaani vibati vya kujaza nafasi, zilizopimwa kwa ajili ya krenkishafti ile tu, na atakayezipoteza atakaa na geji siku anayotaka kuirudisha, akipima upya.